Kiveti Amezimika

Ruiru, Jumatatu, 3 Oktoba 1955

Ndugu Bedan,

Salamu zitangoja mwisho wa barua, maana leo sina utulivu wa kuzipanga. Kiveti, lori letu, amezimika. Sisemi amekohoa, wala amechemka kama siku ile ya Kilimambogo. Amezimika kabisa.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nimepakia magunia arobaini ya kahawa ya shamba, naelekea stesheni. Mbuzi wa watu wakaingia barabarani, nikawapigia honi, na honi ikakatika katikati. Injini nayo ikanyamaza papo hapo. Nikawasha taa: hakuna. Nikabonyeza stata: haikutoa hata ule mlio wa tk. Tulimsukuma mteremko mzima wa mtoni, watu kumi na wawili, akafika chini amenyamaza vile vile. Trekta ndilo lililomrudisha, na wewe unajua aibu ya dereva kuburutwa na trekta mbele ya wachumaji wa kahawa. Wanawake wale wana midomo.

Lakini aibu ni kitu kidogo. Mwezi jana lori la shamba la jirani lilikutwa limetiwa sukari kwenye tangi, na mke wa dereva wake mpaka leo hajui mumewe aliko. Sasa nyapara wetu amemwambia meneja hivi: lori hili lilitoka gereji mwezi wa nane likiwa zima, limepakwa rangi mpya kama bibi harusi, gari zima halifi lenyewe, dereva ameliua kwa makusudi, awafurahishe watu wa msituni wanaopigana na serikali. Meneja amempigia simu inspekta wa polisi. Atakuja Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Kiveti akiwa ananguruma, maneno yamekwisha. Akiwa kimya, naondoka na inspekta. Wanasema nishukuru kuwa ni Mkamba, ningekuwa Mkikuyu wasingengoja Jumamosi.

Mimi nimekatazwa kutoka nje ya geti. Wewe kitabu chako cha pasi hakikuruhusu kuvuka Thika. Basi tutatengeneza gari kwa kalamu, fundi wangu. Opiyo, yule gadi wa treni, amekubali kutubebea: jioni anakuletea yangu akipanda, asubuhi ananiletea yako akishuka Nairobi.

Salamu sasa. Kwa Gathoni na watoto.

Wako,
Kitheka

*

Thika, Jumanne, 4 Oktoba 1955

Kitheka, mume wa wake wawili, wa nyumbani na wa magurudumu,

Pole sana, na umpe pole mkeo Syombua, maana najua huli wala hulali, na usipolala wewe hakuna anayelala nyumba hiyo.

Usiogope. Gari halina uchawi na halina siasa, lina waya. Umesahau Bama, kule vitani? Lori letu lilizimika ndani ya matope, sajini analia, na mimi na wewe tukalifufua kwa kisu cha kukatia mkate. Inspekta atakuta Kiveti anaimba.

Anza na betri. Toa kiti chako, fungua vifuniko vyake, utazame maji. Yakiwa yameshuka, ongeza ya mvua, usitie ya mtoni. Kisha tazama vichwa vyake viwili. Kama vimeota unga mweupe, osha kwa maji moto na magadi, kwangua kwa kisu mpaka ving'ae, ukaze tena. Mara tisa katika kumi ugonjwa ni huo.

Ukishindwa, chukua balbu ya taa ya nyuma, uifunge waya mbili. Gusisha waya mmoja kichwa hiki cha betri, wa pili kichwa kile. Ikiwaka, betri ni hai. Na uhakikishe mara mbili: itie kwenye lile trekta uone kama litaamka.

Niandikie kila unachokiona, hata kama ni kidogo. Mimi huku nimejilaza chini ya gari hapa gerejini kwa Bwana Pritam lakini mawazo yote yako Ruiru.

Wako,
Bedan Gathogo

*

Ruiru, Jumatano, 5 Oktoba 1955

Fundi,

Nimefanya yote. Maji yalikuwa sawa. Unga mweupe ulikuwa kidogo tu, nikauosha kwa magadi ya Syombua na sasa ananidai magadi. Vichwa vya betri vinang'aa. Balbu iliwaka kali hata nikafumba macho. Betri nimeitia kwenye trekta, trekta likaamka mara moja, wachumaji wakapiga vigelegele. Nikairudisha kwa Kiveti: kimya.

Kwa hiyo betri ni nzima na gari ni maiti. Hiyo ni nini, Bedan?

Kitu kimoja kilinichekesha, na sijacheka tangu Jumamosi. Nilipotoa betri niliona rangi yako ya buluu imefika hata kule chini kwenye chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ambako hakuna jicho la mtu linalofika. Na pembeni ya ile nati kubwa, pale waya mnene wa betri unapofungwa kwenye chesisi, nikaona herufi yako ndogo nyeupe: B. Kumbe bado unatia sahihi yako kwenye magari ya watu! Nikasema, huyu bwana amemremba mke wangu hadi kwenye nguo za ndani. Niliona haya hata kugusa hapo kwa spana yangu chafu.

Nyapara amekuja mara tatu kunitazama. Anasimama tu na rungu lake.

Niambie la kufanya. Zimebaki siku mbili.

Kitheka

*

Thika, Alhamisi, 6 Oktoba 1955, alfajiri

Ndugu yangu Kitheka,

Nimepata barua yako. Nimeisoma mara nyingi.

Kama betri ni nzima basi nadhani ugonjwa uko mbele, nyuma ya dashibodi. Fungua skrubu zote nne za ule ubao wa saa, uushushe taratibu. Utaona waya nyingi. Utazame swichi ya ufunguo, na ile saa inayoonyesha chaji, na waya za honi. Tumia balbu yako. Lakini waya mmoja wa balbu urefushe sana, uufunge moja kwa moja kwenye kile kichwa cha betri chenye waya wa chesisi, ndipo uende na ule wa pili ukigusa kila mahali. Usigusishe balbu kwenye chesisi, utakwaruza rangi bure. Ukimaliza mbele, fuata waya wa dainamo, kisha wa taa za nyuma, polepole, shubiri kwa shubiri. Ni kazi ya siku nzima, nisamehe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nikuulize jambo. Je, kuna mtu hapo anayejua jina la fundi aliyepaka lile lori? Najua meneja ana risiti ya gereji, lakini jina langu je, umewahi kumtajia? Nauliza tu. Na hizi barua zangu, ukishasoma, tia motoni.

Huku si kuzuri. Jumatatu maaskari walizunguka lokesheni yote tunamoishi, wakawatoa watu watano ambao vitabu vyao havikuwa na sahihi ya mwajiri ya mwezi huu. Wamerudishwa rizavu ya Wakikuyu pamoja na familia zao, kwenye vile vijiji vya mtaro na seng'enge. Ndugu yangu mkubwa yuko huko tangu Juni. Anasema watoto wanasahau kucheza. Bwana Pritam hutia sahihi kitabu changu tarehe kumi. Gathoni ananiuliza mbona sili. Nimemwambia jino.

Jitahidi na zile waya za mbele.

Bedan

*

Ruiru, Ijumaa, 7 Oktoba 1955, mchana

Bedan,

Dashibodi yote iko chini, imetandazwa kwenye gunia kama matumbo ya ng'ombe. Jana tangu treni ya asubuhi mpaka giza, na leo tangu alfajiri. Nilirefusha waya wa balbu vile ulivyoniagiza. Kwenye swichi, ikawaka. Kwenye honi, ikawaka. Kwenye stata, ikawaka. Hadi taa za nyuma kabisa, ikawaka. Umeme umefika kila pembe ya gari hili na gari limekufa.

Nikaketi chini, nikakumbuka maneno yako mwenyewe. Bama, mvua inanyesha, mimi sijui hata betri ina vichwa viwili kwa nini, na wewe ukaniambia: "Umeme ni mgeni, Kitheka. Kumkaribisha hakutoshi, lazima apate na njia ya kurudi kwao, na njia yake ya kurudi ni chuma cha gari." Na kila gari lililozimika kabisa, taa, honi, stata, vyote pamoja, pahali pa kwanza uliponituma palikuwa ile nati ya chesisi. Pa kwanza! Hata kabla ya betri.

Safari hii umenizungusha kama mtoto anayetumwa dukani ili wakubwa wapate kuzungumza. Umenirefushia waya nisiguse chesisi, maana hapo balbu ingekataa kuwaka nami ningejua. Ulidhani nitasahau? Na barua yako haina hata mzaha mmoja, wewe ambaye ulifanya mzaha siku tuliyomzika sajini. Badala yake unaniuliza kama jina lako linajulikana.

Nakuuliza mara moja tu, Bedan, kama mwanaume kwa mwanaume. Kuna nini chini ya ile nati?

Mficha uchi hazai. Kesho saa nne inspekta yuko hapa. Syombua amenifungia shati na blanketi kwenye kitambaa. Hajalia bado, na hilo ndilo linaniogopesha.

Kitheka

*

Thika, Ijumaa, 7 Oktoba 1955, jioni

Kitheka,

Rangi. Chini ya nati kuna rangi.

Nilijua tangu Jumatano, niliposoma kuhusu ile herufi B. Nilijua kabla sijamaliza mstari.

Ilikuwa siku ile ulipokuja kumchukua Kiveti kabla ya wakati. Unajua desturi ya gereji hii, Bwana Pritam ametufundisha kwa makofi: ukifunga waya wa chesisi unakwangua chuma kwanza mpaka kiwe cheupe, unakaza nati, unapaka grisi, rangi inakuja mwisho. Mimi siku ile nilipaswa kufika ofisi ya pasi kabla haijafungwa. Nikapaka kwanza. Ilipokauka nikaufunga waya juu ya rangi bila kuikwangua, nikaweka herufi yangu, nikakimbia. Nati mpya iliuma chuma kidogo, ndiyo maana gari lilikwenda wiki zile zote. Kisha barabara ikailegeza, na rangi ikafanya kazi ya rangi: kuzuia.

Sikukuandikia hivyo kwa sababu niliogopa. Sina neno jingine. Fundi wa Kikuyu ameua lori la mzungu wakati huu wa imajensi, hali ya hatari, nani atanisikiliza habari za ofisi ya pasi? Nikasema moyoni, labda nati itatikisika yenyewe gari litengemae, labda inspekta hatakuja. Nikakutuma kwenye dashibodi nikijua hakuna kitu huko. Nilikuwa naandika na mkono unakataa, na bado niliandika.

Fungua nati, kwangua mpaka uone chuma cheupe, kaza kwa nguvu zako zote. Ataamka.

Na ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Mpe inspekta mkononi.

Bedan

*

(Iliyokuwa ndani ya bahasha hiyo)

Thika, 7 Oktoba 1955

Kwa Bwana Inspekta wa Polisi, Ruiru

Bwana,

Mimi ninayeandika ni Bedan Gathogo, fundi wa magari katika gereji ya Bwana Pritam Singh, Thika. Lori la shamba linaloendeshwa na Kitheka lilizimika kwa kosa langu. Nililifunga waya wa betri juu ya rangi ya mikono yangu, kinyume cha mafundisho ya mwajiri wangu. Yeye hakujua. Dereva hakujua. Chini ya nati kuna rangi ya buluu, na pembeni yake kuna herufi B nyeupe niliyoiandika mimi. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha kuwa nasema kweli.

Nipo gerejini kila siku. Sitakimbia.

Bedan Gathogo

*

Kangundo, 20 Oktoba 1955

Bedan,

Najua umekuwa ukimsubiri Opiyo kila jioni na Opiyo hana kitu. Nilitaka ungoje. Nakuambia wazi, nilitaka.

Barua yako ilinifikia Jumamosi saa tatu. Lakini mimi nilikuwa nimeshamaliza. Jua lilipochomoza tu, kabla nyapara hajaamka, niliingia chini ya Kiveti na spana na kipande cha chupa. Nikafungua nati. Rangi yako ilikuwa laini na nzuri chini yake, imetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Nikaikwangua mpaka chuma kikawa cheupe. Kisha nikaitazama ile B. Nilikuwa nimekaa na hasira usiku kucha, nakuhesabu msaliti, na ile herufi ilikuwa ndiyo shahidi wangu wa pekee. Nikaikwangua nayo. Nikapaka tope na grisi ili ionekane ya zamani.

Nikabonyeza stata. Kiveti akanguruma hata kuku wa nyapara wakaruka juu ya paa. Syombua ndipo akalia.

Opiyo alipokuja nilisoma barua zako injini ikiwa inawaka. Kisha inspekta akafika, akaniuliza lilikuwa na nini. Barua yako iko kwenye mfuko wa shati, hapa juu ya moyo, ningenyoosha vidole viwili tu. Nikamwambia: "Nati ililegea, bwana, mimi sikuiangalia." Akainama akatazama, akaona chuma na grisi, akapanda gari lake akaenda zake. Meneja hakuenda zake. Alisema dereva anayelaza kahawa ya shamba wiki nzima kwa nati moja si dereva, na niipe nyumba yake mgongo kabla ya jua kutua. Miaka sita, Bedan. Kiveti anaendeshwa na mtu asiyejua hata kubadilisha gia bila kumwumiza.

Usiniandikie kunishukuru. Mimi nikifukuzwa ninako kwetu pa kurudi, kuna mama na mbuzi. Wewe ukifukuzwa una mtaro na seng'enge, na Gathoni na watoto nyuma yako. Nilipiga hesabu hiyo chini ya gari, haikuchukua muda.

Lakini na mimi niseme yangu. Rangi nimekusamehe. Rangi ni kosa, na mtu aliyekimbizwa na ofisi ya pasi anaweza kukosea. Barua ya tarehe sita si kosa. Uliketi, ukachovya kalamu, ukanirefushia waya. Hiyo sijaiweza, na sijui lini nitaiweza. Barua yako ya inspekta nakurudishia, haikusomwa na mtu mwingine. Ile ya tarehe sita uliniambia niitie motoni. Sikuitia. Ninayo.

Usijibu.

Kitheka

*

Thika, 15 Novemba 1959

Kaka Kitheka,

Nimetii miaka minne. Leo nakosa utii.

Opiyo, ambaye sasa amestaafu reli, ndiye aliyenipa habari kuwa unaendesha lori la misheni huko Kangundo na kwamba Syombua amepata mtoto wa tatu. Nilifurahi hata nikaona haya kufurahi.

Sina udhuru mpya. Nimetafuta. Nilichonacho ni hiki tu: tangu siku ile sijaandika herufi yangu kwenye gari la mtu. Na kila waya wa chesisi ninaofunga, nakwangua chuma, nakaza, kisha nafungua tena kutazama, kisha nakaza. Mafundi wengine wananicheka, wananiita Bwana Mara Mbili. Bwana Pritam alipouliza kwa nini, nilimweleza yote, mwaka jana, nikiwa nimesimama. Akanipiga kofi moja, akaniambia nirudi kazini.

Sasa kibali cha kusafiri nimepata. Siku ya Jumamosi ninaweza kupanda basi kuja Kangundo na kurudi, bila mtu kuniuliza. Nataka kuja. Kama hutaki kuniona, mwambie Opiyo, nami nitakaa.

Salamu kwa Syombua, kama anaweza kuzipokea.

Bedan

*

Kangundo, 22 Novemba 1959

Bedan,

Syombua anasema bado anakudai magadi.

Lori la misheni limezimika tangu juzi. Taa, honi, stata, vyote pamoja. Padri anaomba na mimi natafuta. Nimetazama maji ya betri, nimeosha vichwa vyake, nimefuata waya zote za mbele mpaka nyuma. Nimegusa kila mahali isipokuwa ile nati ya chesisi.

Hiyo nimekuachia. Njoo Jumamosi, uje na msasa.

Kitheka